Kahawa tungu ya Lamu: kikombe kwanza, jina baadaye

Ukitaka kujua Lamu inavyompokea mtu isiyemjua, usianzie hotelini. Hotelini mgeni ameshatuma jina, namba ya simu na malipo ya awali kabla hajapanda boti, kwa hivyo wanamjua. Anzia Mkunguni, uwanja ule wenye mikungu mbele ya ngome, baada ya sala ya Alasiri, muuza kahawa anapotua jiko lake.

Vyombo vyake havizidi mzigo wa mtu mmoja: dele, yaani birika la kahawa, la shaba lenye mdomo mrefu, jiko dogo la makaa, ndoo mbili za maji, sinia ya vikombe visivyo na mkono na kopo la sarafu. Kando pengine ana kashata za njugu au za nazi, au tende. Anachouza ni kahawa tungu: nyeusi, bila sukari, yenye tangawizi. Tathmini hii inaigusa kahawa yenyewe, lakini zaidi inaangalia namna inavyouzwa, maana hapo pana jambo ambalo mikahawa na nyumba za wageni za mji huu zingeliiga bila kutoa hata shilingi.

Kipimo ni kimoja. Mtu asiyejulikana, mwenye ndara zilizolika na kikoi kilichopauka, anapewa nini, mara ngapi anaulizwa maswali kabla ya kupewa, na kwa bei gani, akilinganishwa na aliyeshuka uwanja wa ndege wa Manda na begi la magurudumu? Kwenye benchi la kahawa jibu ni kwamba wote wawili wanapata kikombe kilekile, kutoka dele lilelile, kwa sarafu ileile, na aliyefika kwanza hunywa kwanza.

Msidhani ni moyo mwema tu. Wako wauza kahawa wakali, na wako wasiotabasamu kuanzia Mfungo Mosi hadi Ramadhani. Biashara yenyewe ndiyo imepangwa hivyo. Dele ni moja. Mkahawa wenye samaki wa kupaka unaweza kumpa mwenye kanzu iliyopigwa pasi kipande cha tumboni, na mwenye viraka akapewa mkia. Kwenye dele hakuna mkia. Bei hutajwa mbele ya benchi zima, basi haiwezi kupanda ghafla eti kwa kuwa mnywaji ana lafudhi ya Nairobi. Malipo huja mwisho, na idadi ya vikombe huitaja mnywaji mwenyewe. Muuzaji ana hesabu yake kichwani, ila hatangulii kuisema. Anayeaminiwa vikombe vitatu na mtu asiyemjua jina huwa na haya ya kutaja viwili.

Mpangilio wa mapokezi nao una hatua zake, na ukizijua utaona haraka benchi lipi linafanya kazi vizuri. Mgeni anatoa salamu: asalaam aleikum, au masalkheri. Benchi zima linaitikia, si muuzaji peke yake. Aliye mwisho anasogea, nafasi ya kukaa inapatikana. Kikombe kinasuuzwa, kinajazwa, kinatolewa kwa mkono wa kulia. Mgeni anapiga funda la kwanza. Hapo ndipo huja “Za safari?” na baadaye sana, aghalabu kwenye kikombe cha pili, “Mwatoka wapi?” Wingi huo kwa mtu mmoja ni heshima ya pwani, kwa hivyo wa bara asigeuke nyuma kumtafuta mwenziwe. Swali la “wewe ni wa nani?”, yaani la ukoo na nyumba, likitangulia kikombe, hapo huduma imeharibika. Mgeni ataeleza akipenda. Asipoeleza, mazungumzo yatarudi kwenye bei ya samaki au upepo wa kusi, na kikombe chake kitaendelea kujazwa.

Wazee wakiulizwa kwa nini kikombe kitangulie, hawatataja biashara. Watakutajia Nabii Ibrahim. Waliingia kwake watu asiowajua wakatoa salamu; akaitikia, akaondoka kimyakimya kwenda kwa watu wake, akarudi na ndama aliyenona. Alipoona hawapeleki mkono kwenye chakula ndipo alipoingiwa na hofu, na ndipo walipojitambulisha kuwa ni malaika. Kisa hicho huhadithiwa sana kama mawaidha, lakini kitazame kama mtu wa kazi ya kuhudumia. Aliondoka bila kutangaza, wageni wasipate nafasi ya kusema “usijisumbue”. Alileta kilicho bora nyumbani, hakuanza na makombo huku akipima ni watu wa namna gani. Akakisogeza mbele yao, hakuwaita wakifuate. Mhudumu anayesimama mbele ya mgeni mwenye haya na kumuuliza “nikuletee?” anamlazimisha akatae. Muuza kahawa mzuri haulizi. Anajaza, na asiyetaka huweka kiganja juu ya kikombe akashukuru, wala hadaiwi.

Sasa kahawa yenyewe, kwa sababu mapokezi mema hayaponyi kahawa mbaya.

Buni hukaangwa mpaka iwe nyeusi na ianze kung’aa kwa mafuta, kisha hutwangwa. Isitwangwe ikawa laini kama unga wa ngano, maana unga laini hautuami. Utaelea mpaka mdomoni mwa mnywaji. Kwa maji ya lita moja na nusu, makonzi mawili ya kahawa iliyotwangwa yanatosha, karibu gramu 70, pamoja na kipande cha tangawizi kavu chenye urefu wa kidole cha shahada, kilichopondwa. Wapendao iliki hutia punje sita hadi nane. Maji na tangawizi hutangulia kuchemka dakika tano. Kahawa hutiwa ndipo, na chombo husimamiwa: ikifura mpaka ukingoni huinuliwa, ikishuka hurudishwa, mara tatu. Kisha moto hupunguzwa kwa dakika kumi hivi, chombo huteremshwa na kuachwa kitulie, na kahawa huhamishiwa kwenye dele la kuuzia polepole ili machicha yabaki nyuma. Kipimo hicho hutoa vikombe ishirini na kidogo vya kahawa, vile vidogo.

Makosa ni matatu, na yote yanatambulika kwa ulimi. La kwanza ni kuongezea maji kwenye machicha ya awali kahawa inapokaribia kwisha: inatoka nyepesi, yenye uchungu wa majivu usio na harufu. La pili ni makaa yasiyoshika vizuri. Dele likipandishwa juu ya makaa yanayofuka, moshi huingia, na kahawa yote ya jioni ile hunuka jiko. Makaa yanatakiwa yawe mekundu, yamevaa majivu meupe, na yawe machache. Kazi yake hapo ni kulinda joto, si kuchemsha. Dele likisikika linatokota mbele ya wateja, kahawa inaungua na kila kikombe kitakuwa kikali kuliko kilichotangulia. La tatu ni maji. Maji matamu ya Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na baadhi ya visima vya ndani ya mji vina chumvichumvi. Kahawa ya maji ya chumvi hukaa pembeni mwa ulimi, haina mwisho mzuri, na muuzaji mjanja huificha kwa kuzidisha tangawizi. Ukiona koo linawaka na harufu ya buni haipo, shuku ndoo kabla hujamshuku mtu.

Kikombe hakijazwi hadi ukingoni. Hakina mkono, kwa hivyo upana wa ukucha mmoja huachwa mtupu ili vidole vishike ukingo bila kuungua. Mgeni asiyezoea hukikumbatia tumboni, akashtuka, akamwaga. Muuzaji anayejali humpa kikombe cha kwanza kikiwa nusu, akamwangalia anavyokishika, kisha akamjazia sawasawa na wengine. Ni jambo dogo sana, na mhudumu anayelifanya unamjua mara moja kuwa anamtazama mtu, hatazami mfuko.

Usafi wa vikombe ndio udhaifu mkubwa wa huduma hii, na hatuwezi kuupamba. Utaratibu unaofaa ni ndoo mbili: ya kwanza ya maji ya sabuni, ya pili ya kusuuza, na maji ya pili yabadilishwe mara tu yanapopoteza uangavu. Kinachotokea ni kwamba saa ya Isha inapotoka, watu thelathini hukaa kwa mpigo, vikombe viko kumi na viwili, na kikombe hutoka mdomo huu kuingia maji ya ndoo moja na kwenda mdomo mwingine. Maji yale yakifika rangi ya chai, kuchovya si kuosha tena. Tiba yake si ghali. Vikombe thelathini badala ya kumi na viwili humpa muuzaji nafasi ya kuosha kwa zamu. Birika dogo la maji ya moto pembeni ya jiko hutosha kumimina tone kwenye kila kikombe kabla ya kahawa. Mnywaji naye ana ruhusa ya kuomba, “Nisuuzie kwa maji ya moto, ami,” na hakuna atakayemuona ana maringo. Watoto, wazee na wenye tumbo jepesi wanywe mapema, Alasiri, ndoo zikiwa bado safi.

Tukisema benchi, tunasema baraza, na baraza ni nusu ya huduma. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni wengi huja kupiga picha milango ya kuchonga. Kitu kilichowafikiria wao hasa kiko upande wa nje wa milango ile, nao hukikalia bila kukitazama. Nyumba ya mawe ya Lamu haianzi kwa mlango. Inaanza kwa daka, ukumbi mdogo wenye vibaraza viwili vinavyotazamana, ambako mtu yeyote anaweza kukaa bila kupiga hodi na bila kuona ndani. Kwenye nyumba kubwa kulikuwa na sabule pia, chumba cha mgeni kilichotengwa na vyumba vya familia, ili msafiri au mfanyabiashara alale pale bila yeye kuwaona wenye nyumba wala wao kubanwa naye. Wajenzi wale walikuwa wameshalitatua swali ambalo nyumba nyingi za wageni za leo bado zinahangaika nalo: unampokeaje mtu usiyemjua bila kumdhalilisha na bila kujiweka hatarini? Jibu lilikuwa la hatua. Nje, baraza, ya kila mtu. Daka, ya anayesubiri. Sabule, ya aliyekubaliwa. Ndani, ya wenyewe.

Baraza nzuri ya kahawa ni ya mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa, kimo cha goti, upana wa kutosha mtu kukunja mguu. Chokaa hupumua, nayo hubaki baridi jioni. Siku hizi nyingi zimepigwa saruji. Saruji hufunga unyevu na chumvi ndani ya jiwe, plasta huanza kuvimba, kisha hubambuka kwa mabamba, na mwenye nyumba hupiga saruji nyingine juu yake, akazidisha ugonjwa uleule. Ziko pia nyumba ambazo baraza zake zimejazwa vyungu vya maua kutoka mwisho hadi mwisho. Maua ni mazuri, lakini mpita njia mwenye mzigo anaelewa vizuri yamewekwa kwa ajili ya nini.

Neno mgeni lenyewe lina uzito wake Lamu. Kwa muda mrefu mji uligawanyika kati ya Mkomani, upande wa majumba makubwa ya waungwana, na Langoni, walikokaa watu walioendelea kuitwa wageni hata baada ya kuzaa na kuzika hapo. Katika karne ya 19 alifika kutoka Comoro kijana sharifu, Swaleh bin Alawi. Akaja kukaa Langoni na kuwasomesha watu ambao baadhi ya wenye mji hawakutaka kuketi nao katika darsa moja. Ndiye Habib Swaleh. Msikiti wa Riyadha uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 ni wake, na Maulidi yake ya kila Mfungo Sita ndiyo yanayoujaza mji huu watu kutoka pwani nzima na ng’ambo, hata vyumba vikaisha na watu wakalala kwenye mikeka. Aliyemsogezea nafasi kijana yule wa Comoro alipokuja mara ya kwanza hangeweza kujua anamsogezea nani. Wala aliyemgeuzia uso.

Kwa ajili hiyo inasikitisha kidogo kwamba siku za Maulidi ndipo kahawa inaposhuka ubora. Machicha hayapewi muda wa kutuama, maji ya ndoo hayabadilishwi, na bei katika baadhi ya vibanda vya pembeni hupanda kwa siku nne au tano. Mabenchi ya zamani hayapandishi. Kama ni lazima unywe wakati huo, nenda ndani ya mitaa, mbali na Riyadha, au subiri hadi watu waende kwenye kisomo.

Hata jioni za kawaida huduma ina mipaka yake, na mkubwa ni wanawake. Baraza za njiani ni za wanaume. Mtalii wa kike kutoka Ulaya akikaa, watu husogea na kumpa kikombe. Mwanamke kutoka Nakuru au Kisii akikaa palepale, hakuna atakayemfukuza, lakini mazungumzo hukatika na macho yote huhamia baharini. Yaani ugeni wa mbali unasamehewa, wa karibu hausamehewi, na hilo ni kosa hata kama lina sababu za kimila. Njia iliyopo ni kununua kwa chupa: peleka chupa ya chai yenye mfuniko mzuri, taja vikombe unavyotaka, ukanywe nyumbani au juu ya paa. Kahawa ya chupa hukaa vizuri saa mbili, baada ya hapo ladha huanza kubadilika. Huo ni ufumbuzi wa kahawa, si wa mapokezi.

Udhaifu mwingine ni wanaojiita waongozaji. Mgeni akikaa tu, kijana hujisogeza, hujibu maswali yasiyoulizwa, kisha humwambia muuzaji aongeze vikombe viwili kwa hesabu ya mgeni. Muuzaji makini hukataa waziwazi: “Cha kwako walipa wewe.” Muuzaji dhaifu hunyamaza kwa kumwogopa kijana wa mtaa. Ukinyamaziwa, taja hesabu yako mwenyewe, lipa hiyo, inuka. Benchi litakuunga mkono.

Tulinganishe kidogo na huduma nyingine, maana huko ndiko kahawa inakong’aa. Ukishuka basi Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, swali la kwanza gatini ni “una bukingi?” na macho huwa tayari kwenye begi. Mwenye begi zuri huelekezwa kwenye boti ya kukodi hata kama boti ya abiria imebakisha watu wawili ijae na kung’oa nanga. Tamka mapema, “Natafuta boti ya abiria,” na uwaulize bei abiria waliokwisha kukaa, si anayekuita. Ukifika mjini, baadhi ya mikahawa ya ufukweni ina menyu mbili, moja yenye bei na moja isiyo na bei, na unapewa kulingana na ulivyovaa. Kwenye mapokezi ya nyumba za kulala mambo hayapishani sana: mwenye begi la magurudumu husikia “karibu sana, kaeni kwanza”, mwenye kikapu cha ukili husikia “vyumba vimejaa” kabla hajamaliza salamu. Wanaofanya hivi hudhani wanajilinda na wasio na pesa. Mwenye kikapu cha ukili mara nyingi ni nahodha anayetafuta vyumba vya mabaharia wake wote, au mjomba wa bwana harusi aliyetumwa kutafuta pa kuwalaza wageni wa arusi. Na hata akiwa si yeyote kati ya hao, akiwa ni mvuvi wa Kizingitini aliyepitwa na boti ya mwisho, chumba bado kina bei, na bei anayo.

Mkahawa unaotaka kuiga benchi la kahawa uanze na mambo mawili tu. Bei iandikwe ukutani kwa maandishi makubwa, moja kwa wote, kwa Kiswahili kwanza. Na maji yatangulie menyu: gilasi ya maji, au maji ya kunawa, birika na tasa, vifike mezani kabla ya mhudumu kuuliza lolote. Maji hayana gharama ya kutisha, na mtu aliyetoka juani akinywa hujieleza mwenyewe. Habari za tabasamu na “feel at home” zilizofundishwa kwenye semina zinaweza kusubiri.

Pwani hii inajua pia upande wa pili wa ukarimu. Kule Malindi, Aprili 1498, mfalme alimpokea Vasco da Gama, nahodha Mreno aliyekuwa ametiliwa shaka Mombasa, akampa vyakula na rubani wa kumvusha hadi Calicut, Bara Hindi. Miaka saba baadaye, 1505, meli za Wareno ziliichoma Mombasa. Mtu anaweza kusema Malindi ilipata mshirika, na mwingine akasema ilimwonyesha mwizi njia. Ubishi huo umeshamaliza madele mengi. Kwa kazi ya kila siku, benchi la kahawa lina busara yake. Mgeni hupewa kikombe, hapewi kopo la sarafu. Mzigo wake haupokelewi nyuma ya jiko; hukaa mbele ya miguu yake, mbele ya macho ya wote. Deni haliandikwi mpaka uso ujulikane. Na hakuna afichwaye: aliyekaa barazani anaonwa na mtaa mzima, jambo linalomlinda yeye na kuwalinda wenyeji. Barabara ya kutoka Garsen ina vizuizi vya polisi na kitambulisho utaonyesha, basi kiwe karibu. Barazani hakitaulizwa.

Kuhusu saa: jiko huwaka baada ya Alasiri. Adhana ya Magharibi ikilia muuzaji anaweza kuondoka na kuliacha dele hapo juu ya makaa. Usijimiminie, hata kama sarafu unaiacha. Atarudi. Wakati mzuri kuliko yote ni kati ya Magharibi na Isha, watu wakiwa wachache na kahawa ikiwa ya pili, yaani iliyopikwa upya baada ya ile ya Alasiri kwisha. Ramadhani mambo huhamia usiku, baada ya tarawehe. Msimu wa masika, Aprili hadi Juni, mvua ikinyesha jiko huingizwa chini ya daka la nyumba ya karibu, na hapo utaona mwenye nyumba akibanana mlangoni mwake na watu ambao nusu yao hawajui.

Upande wa ngome ni mzuri kwa anayetaka kukaa kimya. Jengo lile lilikamilika mwaka 1821, na lilikuwa jela hadi 1984; leo ni makumbusho, na ukuta wake hutoa kivuli kirefu cha jioni. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, una mazungumzo zaidi, lakini kunja miguu, kwa sababu punda wenye mizigo ya matofali hawapishi mtu. Langoni dele huwa kali zaidi na dhumna hupigwa kwa kishindo. Asiyependa kelele asiende.

Kuhusu malipo, uwe na sarafu. Noti ya elfu mbele ya muuza kahawa ni usumbufu kwa benchi zima, kwani itazungushwa maduka matatu kutafuta chenji. Ukimaliza, weka kikombe kwenye sinia kikiwa kimelala ubavu, taja idadi yako, tia sarafu kwenye kopo. Mara nyingine, hasa ukiwa mpya, muuzaji ataufunika mdomo wa kopo kwa kiganja na kusema, “Yako imeshalipwa.” Hatakuambia na nani, na aliyelipa huenda ameshaondoka au yuko palepale akitazama bahari. Usibishane na usimtafute. Rudisha sarafu mfukoni, useme “Mungu awazidishie” kwa sauti itakayofika mwisho wa benchi, uende zako.